Unga wa Ngoie

Mpaka leo sipokei matabishi. Wauza unga wa soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, wananijua kwa hilo, na wengine wananicheka. Muuzaji akishanipimia, akasawazisha kwa kiganja, akachota kile kidogo cha nyongeza ambacho mjini kwetu ni haki ya kila mnunuzi, mimi nafunga mfuko wangu haraka. Kuna mama mmoja kijana, mwenye meza karibu na mashine ya kusaga, ambaye huniambia kwamba hajawahi kuona mtu anayekataa cha bure katika nchi yenye njaa namna hii. Namjibu kwamba uzee una mambo yake. Namdanganya. Uzee hauhusiki hapa hata kidogo, maana nilianza kukataa nikiwa na miaka kumi.

Walioijua sababu walikuwa wawili tu. Mama yangu alikwisha kwenda zamani, na Mama Mukubwa, mke wa kaka mkubwa wa baba, tumemzika mwezi uliopita. Sasa nimebaki nayo peke yangu, na inanilemea. Ninyi mliokulia katika kambi za kampuni wakati wa posho mtanielewa upesi. Wengine mnivumilie nieleze.

Baba yangu alikufa nikiwa na miaka saba, akatuacha watoto watatu na mama katika chumba cha kupanga kule Katuba. Mama alikaanga mikate ya mafuta asubuhi na kuiuza kwenye kona ya shule. Mikate isiponunuliwa ndiyo tuliyokula, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunaomba kimoyomoyo wateja wasije, na yeye alikuwa anaomba kwa sauti waje. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Ndipo siku moja akaja Baba Mukubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, ambaye alikuwa amehamishwa na kampuni kutoka Kolwezi kuja kufanya kazi kwenye tanuru za shaba hapa mjini. Alikaa na mama kwenye mkeka mchana kutwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Jioni nikaambiwa kwamba nitaenda kuishi kwake kambini, ambako kuna shule, kuna dispensari, na kuna chakula kila wiki. Mama alilia, lakini hakukataa.

Tulipokaribia geti la kambi, Baba Mukubwa alisimama, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono.

"Kuanzia leo, weye ni Ngoie. Muntu akikuuliza, unasema: miye ni Ngoie."

Sikushangaa, na hapa msinione mjinga. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimebadilishwa jina. Nchi ilikuwa na jina jipya, mto ulikuwa na jina jipya, pesa pia. Mwalimu wetu alirudi kutoka likizo na jina jingine, na ole wake mtoto aliyemwita kwa lile la zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeondolewa jina la ubatizo na kupewa la bibi yangu. Basi nikadhani kambini nako wana utaratibu wao, kwamba ukiingia unapewa jina la huko, kama vile mfanyakazi anavyopewa kofia na viatu vya kazi. Hata nilifurahi, kwa sababu Ngoie ni jina zuri, na nikaanza kujizoeza kulisema kabla hatujafika mlangoni.

Kumbe Ngoie alikuwa mtoto. Alikuwa binti wa kwanza wa Baba Mukubwa na mkewe, rika langu. Likizo kubwa alikuwa amepelekwa kwa bibi yake kaskazini, siku mbili kwa treni, akashikwa na homa, akafa, akazikwa kabla wazazi wake hawajafika. Majuma hayohayo Baba Mukubwa akapewa barua ya uhamisho. Huku Lubumbashi hapakuwa na aliyewajua. Kwenye kadi yake ya posho jina la Ngoie lilikuwa bado limeandikwa, na kila mtoto aliyeandikwa kwenye kadi alikuwa na fungu lake la unga, samaki na mafuta. Baba Mukubwa hakusema kitu kwenye dirisha la ofisi. Haya yote niliyapata kidogokidogo, kwa kusikiliza ukutani. Mara nyingi nilimsikia akimwambia mkewe kwamba kampuni haitaona, kwamba kwenye mlima wote ule wa unga mtoto mmoja ni nini. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba miaka yake kwenye moto wa tanuru ilimpa haki fulani. Na sasa nimekuwa mtu mzima naamini pia kwamba hakuweza tu kuisema ile sentensi, kwamba binti yangu amekufa, mbele ya karani aliyekuwa anatafuna karanga.

Lakini uongo ule ulikuwa na masharti yake. Ili Ngoie aendelee kula, ilibidi asililiwe. Mama Mukubwa aliingia katika kambi mpya na msiba wake tumboni, na majirani walipomsalimia na kumuuliza watoto hawajambo, alijibu hawajambo. Wote walimwita Mama Ngoie, kama ada yetu ilivyo, mwanamke kuitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na walipomwita hivyo walinitazama mimi na kutabasamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniita Ngoie, hata mara moja. Wala hakuniita kwa jina langu. Aliniambia wee mutoto, kuya hapa, shika hii. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na mimi nikahitimisha kwamba hanipendi.

Posho ilitolewa Ijumaa. Tulipanga mulongo, yaani foleni, mrefu nje ya ghala, akina mama na mabeseni yao na sisi watoto, kwa kuwa mara kwa mara karani alitaka kuwaona watoto kwa macho yake. Mpaka leo nikipita mahali wanapofungua gunia jipya la unga, au wanapoloweka makayabu, wale samaki wa chumvi, najikuta tena kwenye foleni ile. Karani alisoma kadi, akaita, na mimi nikajibu nipo, kwa Kifaransa chetu cha kambini, kwa sauti kubwa kuliko wote, "Prezan!" Kisha unga ulishuka. Nilijivuna. Kwa neno langu moja unga ulishuka kutoka kwenye lile ghala, na niliona kwamba hata Baba Mukubwa na misuli yake yote hakuweza kuushusha bila mimi.

Tukifika nyumbani, Mama Mukubwa alifanya jambo ambalo sikulielewa. Alimimina unga wote kwenye pipa, isipokuwa fungu moja. Fungu hilo alilitia kwenye mfuko mweupe alioushona mwenyewe, akaufunga, akauweka juu ya kabati. Ule haukupikwa. Ijumaa moja posho ilitolewa pungufu na pipa likabaki karibu tupu, na Baba Mukubwa akanyoosha mkono kuuchukua mfuko, akaambiwa auache. Aliuacha. Tukalala na uji mwepesi, na mfuko uko juu pale umejaa.

Niseme kweli, sikukaa na njaa katika nyumba ile. Nilikula sahani moja na watoto wao wawili wadogo wa kiume, bukari ileile, ndiyo ugali wetu, sombe ileile ya majani ya muhogo, na kipande changu cha samaki kilikuwa sawa na vyao. Lakini mtoto hatazami sahani. Mtoto anatazama mfuko ulio juu ya kabati. Mimi ndiye niliyeitika prezan, kwa hiyo unga ule ulikuwa wangu, na kila Jumamosi asubuhi mwanamke huyu aliubeba kichwani akaondoka nao.

Jumamosi moja nikamfuata. Alitembea mpaka soko la Kenya bila kugeuka, nami nikajificha nyuma ya wauza chumvi. Hakuwa na meza. Alitandika kitenge chini, akafungua mfuko, akatoa kopo lake la kupimia. Mnunuzi wa kwanza alipochutama, Mama Mukubwa alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akamimina. Kisha akachota mkono mzima wa unga, akauongeza juu. Akachota mwingine. Wanawake waliacha meza nyingine wakaja kwake, na unga ulikuwa unakwisha mbele ya macho yangu. Wauzaji wenzake walinung'unika. Mmoja alimwambia kwamba anaharibu soko, kwamba matabishi ni kuchovya vidole tu, haiwi mkono muzima. Mama Mukubwa hakuinua hata kichwa.

"Hii ya juu haiuzishwi," alisema, akaendelea kupima.

Nilisikia, nikaona ni maneno ya soko. Nilichokuwa ninaona mimi ni unga wangu ukigawiwa bure kwa watoto wa watu nisiowajua, na mikono ileile ambayo nyumbani haikuniongezea kitu. Moyo uliniwaka. Mfuko ulipokwisha alifunga makuta yake, pesa za wakati ule, kwenye pembe ya kitenge, akakunja mfuko, lakini hakurudi njia ya nyumbani. Alielekea kwenye magari ya Katuba. Haikunijia akilini kujiuliza Katuba kuna nini. Mama yangu mwenyewe alikuwa Katuba, na haikunijia. Nilichoona kichwani ni Mama Mukubwa amekaa mahali kwenye kivuli, anakula nyama choma na kunywa soda kwa unga wangu.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtoto wa kuchukiza. Niliitikia nikitaka, niligonga sahani, nilimwaga maji niliyotumwa. Yeye hakunipiga. Siku moja nilipokuwa nimenuna kwenye kizingiti alikuja akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo kitambo, kisha akauondoa haraka kama aliyekumbuka jambo. Mimi nikajifuta kichwa.

Kambini palikuwa na mama mmoja wa foyer, mahali ambapo wake za wafanyakazi walijifunza kushona na sisi watoto tulinyweshwa maziwa. Kama angenigombeza, ningenyamaza, na pengine haya yote yasingetokea. Aliniuliza kwa upole. Alitaka kujua kwa nini siimbi na wenzangu, na kama nyumbani ninakula vizuri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo kwa sauti ile tangu nitoke kwa mama.

"Miye siko Ngoie," nikamwambia. "Ngoie alikufa. Na unga yangu, Mama anaiuzishaka ku soko."

Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba mtu mkubwa aende akamwambie Mama Mukubwa aupike unga wangu. Nilimaliza maziwa yangu nikaenda kucheza.

Siku ya pili yake, mchana, walikuja watatu, yule mama wa foyer na wanaume wawili wa ofisi. Baba Mukubwa alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alivua kofia yake, akasimama katikati ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Mmoja wao, karani, aliweka kadi mezani. Alikuwa kijana, na alikuwa anaona aibu kuliko sisi sote. Akauliza huyu mtoto aitwaye Ngoie yuko wapi. Baba Mukubwa aliizungusha kofia mikononi. Aliyejibu ni Mama Mukubwa, kutoka mlango wa jikoni.

"Alikufa. Kule kwetu. Iko miaka mbili sasa."

Karani alitoa kalamu nyekundu. Aliweka rula, akalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka, pole pole, kwa uangalifu wa mtu anayetaka kazi yake iwe safi. Mama Mukubwa alisogea akautazama ule mstari. Kisha akakaa chini kwenye saruji, akafungua kilemba chake, akaanza. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikipanda, na sasa ilipanda mpaka majirani wakaacha vyungu motoni wakaja mbio. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikafikiri analilia unga. Nilifikiri hivyo kabisa, kwa maneno hayohayo, na nikaona kwamba amestahili.

Wanawake waliuliza nani amekufa. Akawaambia Ngoie. Wakageuka wakanitazama mimi niliyesimama pale mzima, na mama mmoja akanishika mkono akaufinya, kama anayetaka kuhakikisha kwamba una joto. Halafu wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, na wala hawakumwuliza tena. Walikaa chini naye. Kwa siku tatu nyumba ile ilikuwa matanga, kwa mtoto aliyekuwa amezikwa miaka miwili nyuma, mbali, na ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu. Kila mwanamke alileta unga kutoka kwake. Sikupigwa. Natamani wangenipiga.

Baba Mukubwa hakufukuzwa kazi, ila alishushwa daraja akarudishwa kwenye sepetu, na sepetu hiyo aliishika mpaka mgongo ukamshinda. Mimi sikuwa tena na haki ya kulala kambini, kwa kuwa sikuwa mtoto wa kadi. Yeye ndiye aliyenirudisha, kifurushi changu kiko begani kwake. Nje ya geti, mahali palepale, alichuchumaa tena mbele yangu. Nilingoja aseme. Akanifunga kamba ya kiatu, akasimama, tukaendelea.

Nilifika Katuba Alhamisi, na Baba Mukubwa akaniacha mlangoni bila kumweleza mama sababu. Jumamosi asubuhi mama alifagia mbele ya nyumba, akatoa kigoda, akakifuta, akaosha beseni na kuligeuza juani likauke. Nikamuuliza nani anakuja. Akasema Mama Ngoie, nani mwingine, si yeye huja kila Jumamosi. Alishangaa kwamba silijui jambo hilo. Akanieleza huku anapepeta mchele wa jirani, bila kunitazama, kwamba tangu juma la kwanza nilipoondoka yule mwanamke amekuwa akimletea pesa za unga, zote, bila kubakiza hata ya kununua chumvi. Mama alikuwa amejaribu kukataa. Alichojibiwa alinirudilia, na hivi ndivyo ninavyokikumbuka.

"Alisema, hii haiko yangu. Chakula ya mutoto wangu siwezi kuikula. Iko ya mama ya ule mutoto anasimamaka mu mulongo."

Kodi ya chumba ilikuwa ni hizo pesa. Kaka yangu alikuwa shuleni kwa hizo pesa. Nilimwambia mama nilichofanya. Ilinibidi nimwambie, maana alikuwa ameketi anangoja. Hakunigombeza. Aliinuka, akachukua kile kigoda akakirudisha ndani.

Lakini Mama Mukubwa alikuja. Jua lilikuwa limeshafika utosini tulipomwona anatokea kwenye kona, na mfuko ule mweupe kichwani, umelegea, hauna hata nusu. Hakuwa ameenda sokoni, kwa kuwa hakuwa na cha kuuza. Ule ulikuwa unga wa pipa lao, kutoka mdomoni mwa wale watoto wawili. Mama alikitoa tena kigoda, na macho yake yalikuwa chini. Mama Mukubwa hakukikalia. Alichutama mbele ya beseni, akatoa kopo, akajaza, akasawazisha kwa kiganja, akamimina. Mara mbili. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko akatoa mkono mmoja wa unga, wa mwisho, akaumwaga juu taratibu.

"Ile ya chini iko yenu," alisema. "Hii ya juu iko ya Ngoie. Ni ile ya bure. Siku zote ilikuwa yake."

Ndipo akanigeukia, akaniita kwa jina langu, lile la bibi, kwa mara ya kwanza tangu anijue, akaniagiza nilete kifuniko nzi wasiingie. Nilikileta. Nililia mpaka nikatapika, na hakunibembeleza. Nadhani hakuwa amebakiwa na chochote cha kubembelezea. Jioni mama alisonga bukari, nami sikuweza kumeza hata tonge.

Alikuja Jumamosi nyingine tatu au nne, halafu nauli ikamshinda. Kaka yangu aliacha shule kabla ya Krismasi, akaenda kupasua mawe. Baadaye tulionana na Mama Mukubwa kwenye arusi na kwenye vilio, miaka mingi, tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Sikumwomba msamaha. Kila mara nilijiambia nitamwomba tukiwa wawili peke yetu, na tulipokuwa wawili peke yetu nilizungumzia mvua.

Mwezi uliopita, kwenye matanga yake, nilipewa kazi ya kupima unga wa bukari ya watu. Nilipima, nikasawazisha, nikamimina kwenye sufuria kubwa, na mkono wangu wenyewe ukaenda ukachota unga mwingine ukauweka juu. Mjukuu wake, binti wa miaka minane au tisa, alikuwa ananishikia gunia. Akaniuliza huo wa juu ni wa nini, kwani nilikuwa nimeshamaliza kuhesabu. Nikamwambia ni wa Ngoie.

"Ngoie ni nani, tantine?"

Baba yake hakuwahi kumwambia. Wazee wote waliojua walikuwa chini ya ardhi. Nikamtazama, na mdomo wangu ukaanza kujibu wenyewe, kama ulivyofundishwa siku ile nje ya geti, miye ni Ngoie. Niliufunga. Nikamwomba yule mtoto anisogezee mwiko.